Nilimvuta Ndevu Baba Mkwe Wangu

Kwa wewe uliyenikuta katikati ya safari, balaa langu lilianza hivi. Niliachishwa kazi kwenye kampuni ya bima na sikumwambia mke wangu. Kila asubuhi nilifunga tai, nikabeba mkoba, nikaenda kwenye bustani ya burudani, nikavua tai na kuvaa vazi la sungura, kazi yangu mpya ya kuchekesha watoto. Nyumbani nilisema nimepata ofisi mpya na nimekuwa ofisa.

Njia ya mwongo ni fupi. Shule ya binti yangu ilileta watoto matembezi, sungura akajikwaa kwenye reli ya treni ya watoto, kichwa kikang'oka, na ndani ya sungura nikaonekana mimi. Binti yangu, ambaye kwa maneno yake mengi tunamwita Chiriku, aliruka kwa furaha. "Huyo ni baba yangu!" aliwaambia wenzake wote.

Mama yake hakuruka.

"Ungeniambia wewe ni sungura, ningekupigia pasi shati lako kama kawaida," alisema huku akikunja nguo. "Mimi sikuolewa na kazi. Niliolewa na mtu, na sasa sijui nilikuwa naishi na nani."

Akamchukua mtoto, akarudi kwa baba yake.

Niliwafuata. Baba mkwe wangu ni mwalimu mkuu mstaafu, mtu ambaye hata mbwa wa jirani wakimwona hujipanga mstari. Alinipokea mlangoni, hakunionyesha kiti. "Uongo sikuufuga shuleni kwangu," aliniambia, "na nyumbani kwangu sitaufuga. Siku ukiwa na neno moja la kweli, njoo nalo. Kabla ya hapo nisikuone."

Hapo ndipo nilipokuachia wiki iliyopita, nimesimama nje ya geti la mkwe nikiwa sina la kusema. Sikiliza sasa yaliyofuata.

Bosi wangu pale bustanini ni mama mmoja tunayemwita Bi Tahadhari, kwa sababu hawezi hata kukuambia habari za asubuhi bila kukuonya. Aliniita ofisini nikiwa bado nimevaa miguu ya sungura.

"Wewe umezoea joto la mavazi na mateke ya watoto," alisema. "Nataka Baba Krismasi kadhaa wa msimu. Wewe utawatafuta, utawapima, utawafundisha. Wakinipendeza, vazi la sungura unalitundika. Unakuwa ofisa wa kuajiri, kazi ya kudumu."

Nilitaka kuketi lakini mkia wa sungura haukuniruhusu. Ofisa! Uongo wangu wa miezi yote ile ulikuwa unageuka kweli mbele ya macho yangu. Nilikuwa nimepata neno la kupeleka kwa mkwe.

"Ila tahadhari," akaongeza. "Sitaki ndugu. Aliyekutangulia alinijazia bustani shemeji na wajomba. Baba Krismasi wa mwaka jana alikuwa anawavuta watoto wa ukoo wao mbele ya foleni, nusura wazazi wapigane. Nikigundua umeleta mtu wako, wewe na mtu wako mtatoka kwa geti moja."

"Sina ndugu mwenye kitambi, bosi," nilimjibu.

Siku ile ilikuwa kweli tupu.

Usaili wetu una utaratibu wake. Mwombaji haingii na sura yake. Anavalishwa kwanza kwenye chumba cha pili: joho jekundu, kofia, ndevu za kufungwa kwa mpira na miwani ya duara isiyo na vioo, kisha anaitwa kwa namba. Bi Tahadhari anasema watoto hawataiona sura ya mtu huyo, kwa hiyo na sisi haituhusu.

Na mtoto ni mimi. Nakaa kwenye kigoda kifupi miguuni pake, magoti yananigusa kidevu, nimevaa kofia ya shule, natoa sauti nyembamba. Kwanza nalia. Pili namuuliza swali gumu. Tatu namvuta ndevu, maana hakuna mtoto asiyevuta ndevu, nione kama atakasirika. Bi Tahadhari anatazama kupitia dirisha dogo, kikombe mkononi.

Swali gumu ndilo lenye kazi. Watoto huomba mambo ambayo hayauzwi dukani. Mmoja anataka mbwa wake aliyekufa, mwingine anataka wazazi waache kugombana. Sheria yetu ni moja: Baba Krismasi haahidi. Anasema "Nimekusikia," kisha anatafuta neno la kumshika mtoto moyo. Anayeahidi anarudi kwao.

Wa kwanza alikuwa mwokaji mikate, tumbo analo, ila kicheko chake kiliwatisha hata njiwa wa paani. Akaja askari mstaafu. Nilipomwambia mbwa wangu amekufa, aliniuliza kama kuna mashahidi. Wa tatu aliniahidi mbwa wawili, baiskeli na safari ya ndege.

Nilianza kuhangaika. Nilikuwa nakaa, nasimama, nazunguka kile chumba cha usaili kinachonuka poda na jasho la watu wengine. Bi Tahadhari alikuwa akigonga kioo kwa kijiko. Kila kijiko kilipogonga, nilimwona mke wangu akienda mbali zaidi.

Aliyefuata aliingia ametembea wima, mikono nyuma.

Ningemtambua palepale, lakini akili ilikuwa kwenye kijiko. Aliketi polepole, akipapasa kiti kwanza kama mtu asiyeona vizuri. Nikaanza kulia kwa sauti yangu ya utoto.

Hakunibembeleza. Alingoja kidogo, kisha akasema kwa sauti nzito ya tumboni, "Lia tu, mjukuu wangu. Mimi sina haraka. Ukimaliza nitakuwa hapahapa."

Nikanyamaza. Katika usaili wote hakuna aliyewahi kuninyamazisha bila pipi.

Ikafika zamu ya swali gumu. Kwa kawaida namtumia mbwa. Siku ile ulimi ulinishinda, ukachukua njia yake. "Mama ameondoka nyumbani," nilisema. "Utamrudisha?"

 Mzee akakohoa, vikohozi viwili vifupi.

"Nimekusikia," akasema. "Siwezi kukuahidi. Lakini na mimi nyumbani kwangu kuna mtu mdogo ananikimbia, na sijui nimwambie nini. Kwa hiyo tuko wawili. Tutangoja pamoja."

Kule dirishani kikombe kilishushwa. Mimi machozi yalinijaa, ya kweli sasa, siyo ya usaili. Nikakumbuka kwamba kazi haijaisha, nikanyoosha mkono kuvuta ndevu. Kwa sababu sikuwa naona vizuri, nilivuta kwa nguvu kuliko inavyotakiwa.

Mpira ukakatika.

Chini ya ndevu kulikuwa na kidevu cha baba mkwe wangu.

Mkwe ni mtu wa kusalimiwa kwa mbali, ukiwa umefunga vifungo vyote. Mimi nilikuwa nimekaa miguuni pake juu ya kigoda cha mtoto, kofia ya shule kichwani, ndevu zake mkononi. Niliomba sakafu ipasuke. Sakafu ile ni ya saruji.

Yeye alikuwa bado hajajua. Miwani yake halisi, ile minene, aliiacha kwenye chumba cha kuvalia. Aliinama, akanisogelea uso kwa uso, akakunja macho.

"Ni wewe?" alinong'ona.

"Ni mimi, mzee. Shikamoo."

Kabla hajaitikia, mlango ulifunguka. Bi Tahadhari aliingia akitabasamu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Huyu ndiye!" alisema. "Huyu nampa kiti kikubwa cha katikati. Mbona mmekodoleana macho? Mnafahamiana?"

Nilifungua kinywa. 

Mwalimu mkuu mstaafu alinitangulia. "Simfahamu kijana huyu," alisema bila kupepesa. "Leo ndiyo mara ya kwanza kumtia machoni."

Kuna methali kuhusu nyani na asichokiona, lakini mkwe haambiwi methali ile. 

Nilimkuta baadaye nyuma ya banda la treni ya watoto, ameshavaa koti lake na miwani yake, anatazama huku na huku.

"Mzee," nilianza.

"Usiniite mzee hapa. Mtu akipita tuzungumzie hali ya hewa."

"Binti yako anajua uko huku?"

"Anajua niko kikao cha wastaafu."

 Tulisikiliza treni ikipita.

"Nimesema nusu tu," akajitetea. "Nimestaafu, na hapa tumekutana wawili. Ni kikao."

"Hata mimi nilisema nusu, baba. Nilisema naenda kazini, nikanyamaza kuhusu masikio."

Nilidhani atanizaba kofi. Badala yake aliegemea ukuta, na kwa mara ya kwanza nikamwona amezeeka.

"Ni yule mtoto wenu," alisema. "Tangu waje, nikiingia sebuleni anatoka. Nikimuuliza kama amekula, anasimama wima ananijibu, 'Ndiyo, mwalimu.' Mwalimu! Mimi babu yake. Mama yake anasema kwenu alikuwa hanyamazi. Kwangu hasemi. Nimeshinda maisha yangu yote nikinyamazisha watoto, nikasifiwa kwa hilo. Sijui kumchekesha hata mmoja. Nikaona tangazo lenu kwamba watakaochukuliwa watafundishwa kuongea na watoto. Nikasema hata kama ni aibu, nitakwenda nijifunze."

 Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mzee yule, na sasa nilitaka kumkumbatia, jambo ambalo mkwe hafanyiwi.

Nikamweleza sheria ya bosi kuhusu ndugu.

"Mimi si ndugu yako," alisema haraka. "Mkwe ni mkwe."

"Bosi hachambui hivyo, baba. Akijua, sote tunatoka kwa geti moja. Na mimi nikitoka hapa, sina neno la kukuletea."

Alifikiri. "Basi hunifahamu na mimi sikufahamu. Nifundishe. Msimu ukiisha, njoo nyumbani. Nitafungua mlango mwenyewe, na binti yangu nitazungumza naye."

Ndugu msomaji, ungekuwa wewe ungefanya nini? Mke wangu aliniacha kwa sababu ya uongo, na njia pekee ya kumrudisha ilikuwa uongo mwingine, tena baba yake mwenyewe ndiye aliyeutunga. Nilikubali. Usiku ule na uliofuata niligeuka kitandani kama chapati kwenye kikaango.

Mafunzo yalikuwa mateso matamu. "Cheka tena, mzee, kutoka tumboni," nilimwambia mbele ya wenzake, na yeye akachekea puani. "Tumboni, siyo puani." Jioni moja kicheko kilitoka chenyewe, baada ya yule mwokaji mikate, aliyechukuliwa kwa tumbo lake, kukalia kofia yake mwenyewe. Kilikuwa kicheko kizuri, cha mtu aliyekisahau mahali akakiokota.

Ilibaki miwani. Vioo vyake vinene haviingii kwenye fremu ya duara, na Bi Tahadhari hataki Baba Krismasi mwenye miwani ya mwalimu mkuu. Kwa hiyo mzee alikaa kwenye kiti kikubwa akiona ukungu. Mtoto alikuwa kwake ni doa la rangi mpaka aseme. Sikuliona tatizo. Nilisema hata vizuri, atasikiliza zaidi.

Siku ya kufungua msimu, foleni ilipinda mpaka kwenye bembea kubwa. Mimi nilivaa tai yangu ya zamani, beji ya ofisa kifuani, ila miguu haikutulia. Nilikwenda langoni, nikarudi, nikakagua kamba, nikakagua tena. Bi Tahadhari alisimama kando ya kiti akitazama kila mtoto anavyopokewa. Mzee alikuwa anafanya maajabu. Watoto walimwendea wakilia, wakaondoka wakimpungia mkono.

Ndipo nikawaona.

Mke wangu alikuwa amevaa gauni lake la kijani. Chiriku alikuwa amemshika mkono. Walikuwa wanazungumza na sungura, yule kijana mpya aliyerithi vazi langu, na binti yangu alikuwa amechuchumaa anatazama viatu vya yule sungura. Akatikisa kichwa. Nilielewa mara moja. Alikuja kumtafuta sungura wake, akakuta siye.

Nilirukia nyuma ya mti wa maboksi uliopakwa rangi ya kijani. Nilitaka kumkimbilia mwanangu, lakini mbele yangu alikuwa bosi, na kwenye kiti alikuwa mtu ambaye simfahamu. Nikashika lile boksi kwa mikono miwili nikaomba wapite waende zao.

Hawakupita. Walipanga foleni.

Foleni ilisogea. Nilitaka kumpa mzee ishara, lakini ishara gani utampa mtu anayeona ukungu? Zamu yao ikafika. Chiriku alikwenda peke yake, akasimama wima mbele ya kiti kama alivyozoeshwa kule kwa babu yake.

"Shikamoo, Baba Krismasi."

Niliona mabega ya mzee yakikazana. Sauti ile aliijua.

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema, na sauti ya tumboni ikamtikisika kidogo. "Unataka zawadi gani?"

"Sitaki mdoli," Chiriku alisema. "Nataka umwambie babu amruhusu baba aje. Mimi siwezi kumwambia, babu hasikilizi watu wadogo. Wewe ni mkubwa, na ndevu unazo."

Watu wa mbele kwenye foleni walicheka. Mimi nilishindwa. Mzee alipapasa mikono ya kiti, mpaka Bi Tahadhari akapiga hatua moja mbele. Halafu mzee akakohoa, vile vikohozi viwili vifupi.

Nyuma ya kamba, mke wangu aliinua kichwa kama mtu aliyetambua kikohozi kile.

"Nimekusikia," mzee alisema. Alitafuta neno la kuongeza, kama tulivyofundishana, akalikosa. "Nimekusikia, mwanangu. Babu naye... babu atakuwa amesikia." Machozi yalimtoka chini ya ile miwani isiyo na vioo, yakaingia kwenye ndevu. Chiriku, aliyekuwa akimkimbia mtu huyu kila siku sebuleni, alimshika mkono na kumpigapiga taratibu.

"Lia tu," alimwambia. "Mimi sina haraka."

Sijui kama Chiriku aliyasikia maneno yale kwa babu mwenyewe kule nyumbani, babu akiyafanyia mazoezi mlango ukiwa umefungwa. Najua tu kwamba niliuegemea mti wa maboksi kwa uzito wangu wote, ukaanguka mbele, na mimi nikabaki nimesimama mbele ya foleni nzima nikiwa nimekumbatia hewa.

"Baba!" Chiriku alipiga kelele. "Mama, baba yule!"

Akanirukia. Nilimbeba, nikamkumbatia, nikasahau beji na tai na kila kitu. Nilipoinua macho, mke wangu alikuwa ameshavuka kamba. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama Baba Krismasi, kuanzia kofia mpaka vidole vya mikono.

Bi Tahadhari naye alikuwa anatutazama sote, mmoja baada ya mwingine. Kijiko hakikuwepo lakini nilikisikia.

"Huyu ni mtoto wako?" aliniuliza.

"Ndiyo, bosi."

"Ameomba habari za babu yake, na Baba Krismasi wangu analia." Alishusha sauti ili foleni isisikie. "Nitakuuliza mara moja tu. Huyu mzee ni nani kwako?"

Beji ilikuwa kifuani pangu. Ilikuwa kitu pekee nilichokuwa nacho cha kupeleka kwenye ule mlango. Mke wangu alikuwa amesimama karibu kiasi cha kunusa sabuni yake, na sasa aligeuza macho, akanitazama mimi. Alikuwa anangoja kusikia anaishi na nani.

"Ni baba mkwe wangu," nilisema.

"Simfahamu kijana huyu," mzee alisema.

Tulisema kwa pamoja, kwa pumzi moja. Mimi nilikuwa nimetupa kazi yangu ili nimrudishe mke, na mzee, aliyekataa kuufuga uongo nyumbani kwake, alikuwa ameutoa mbele ya binti yake na mjukuu wake ili mimi nisifukuzwe. Tulitazamana. Ndevu zake zilikuwa zimelowa na zimeanza kuachia upande mmoja.

"Mmoja wenu ananidanganya," Bi Tahadhari alisema. "Nataka kumjua sasa hivi, na ataondoka sasa hivi."

 Chiriku alikuwa ameuweka uso shingoni kwangu.

Mke wangu alipitisha kamba ya mkoba begani. Akasogea mpaka kwenye kiti kikubwa, akazipandisha ndevu za baba yake zikakaa sawa, akaunasa mpira wake nyuma ya sikio. Kisha akamgeukia bosi wangu.

"Nitakuambia mimi," alisema. "Wote wawili nawajua."